Akikamatwa, Mwanao Atampigia Nani Simu?

Agizo moja limekaa vinywani mwa wazazi wa Uganda kwa zaidi ya nusu karne: soma, siasa waachie wenyewe. Mtoto huambiwa hivyo stendi ya basi, Busia au Arua, godoro lake limeshafungwa kamba juu ya gari, anakwenda kuanza mwaka wa kwanza Makerere au Kyambogo. Huambiwa tena kwa simu kila Kampala inapochafuka. Najua agizo hilo linatoka wapi, na simbezi mzazi yeyote anayelitoa. Hata hivyo, nimeona ya kutosha kusema wazi kwamba halimzuii mtoto kwenda barabarani. Linamzuia tu kukuambia kwamba amekwenda. Na kwa jinsi nchi yetu ilivyo sasa, hilo la pili ndilo linaloweza kumpoteza.

Tarehe 23 Julai 2024 vijana waliitana mitandaoni waandamane hadi Bungeni kupinga ufisadi, hata mwezi haujatimia tangu wenzao wa Kenya waingie kwa nguvu katika Bunge la Nairobi. Rais Museveni alikuwa ameshawaonya kwamba wanacheza na moto. Polisi na wanajeshi walizingira barabara za kwenda Bungeni, makumi ya vijana wakashikwa, na wengi wakafikishwa mahakamani kwa kosa la kuwa kero kwa umma. Mama mmoja ninayemfahamu, mfanyabiashara wa samaki hapa mpakani, alimwona binti yake akisukumwa ndani ya gari la polisi kupitia video iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Asubuhi ile binti alikuwa amemwambia anakwenda maktaba. Kundi lilijaa ujumbe kwa saa nzima. Wajomba walitaka kujua nani kamharibu mtoto, na shangazi mmoja akauliza kama ada ya muhula imeshalipwa. Ilichukua muda mrefu mno mtu kuuliza swali la maana: ameshikwa na nani, na yuko kituo gani?

Tusiwalaumu wajomba hao kabla ya kuwaelewa. Wengi wetu wenye watoto chuoni leo tuna miaka kati ya 45 na 60. Tulizaliwa chini ya Idi Amin, au tulikuwa wadogo jeshi la Tanzania lilipoingia Kampala Aprili 1979, kisha tukakua wakati wa utawala wa pili wa Obote na vita vya msituni vya Luwero. Kwenye nyumba za namna hiyo mtoto hujifunza mapema yapi hayasemwi mbele ya mgeni. Kuna familia ambazo baba alitoka kwenda kazini na mpaka leo hakuna kaburi. Wenzetu waliotutangulia Makerere walivamiwa na wanajeshi mwaka 1976, wakapigwa mabwenini. Desemba 1990, serikali ikiwa imeshabadilika, polisi waliwaua kwa risasi wanafunzi wawili wa chuo hicho hicho wakati wa mgomo wa kudai posho. Kwa hiyo mzazi anapomwambia mwanawe anyamaze, anampa kile ambacho yeye mwenyewe kilimvusha. Ni urithi, na umelipiwa kwa gharama kubwa.

Tatizo ni kwamba kunyamaza hakumkingi tena mtu kama tunavyodhani. Mwezi Novemba 2020, Robert Kyagulanyi, mwanasiasa wa upinzani tunayemwita Bobi Wine, alipokamatwa Luuka akiwa kwenye kampeni, miji ililipuka kwa siku mbili na watu 54 waliuawa kwa hesabu ya serikali yenyewe. Rais alikiri hadharani kwamba miongoni mwao wapo waliopigwa na risasi zisizowalenga. Walikuwa kwenye shughuli zao. Miezi iliyofuata yakaja yale magari ya Toyota HiAce yasiyo na namba za usajili, watu wakayaita droni, yakawa yanazoa vijana mitaani na vibandani. Mama aliyemfundisha mwanawe kujitenga na mikutano hakuwa na uhakika zaidi ya yule aliyemwacha aende. Tofauti ilionekana baadaye, kwenye kumtafuta. Wenye habari walianza kumtafuta siku ya kwanza, wasio na habari siku ya tatu au ya nne, na siku hizo mbili tatu ndizo mtu anapoumizwa.

Halafu kuna ada.

Serikali hugharamia takriban wanafunzi 4,000 tu kwa mwaka katika vyuo vyake vyote, na wachache hupata mkopo. Waliobaki husomeshwa na shamba lililouzwa, na mama anayeamka saa kumi usiku kukaanga mandazi, na kaka aliyekwenda Dubai kulinda maghala. Mtoto mmoja chuoni hubeba pesa za watu saba. Ndiyo maana silaha ya kwanza ya mzazi mwenye hofu ni hiyo hiyo: ukiendelea na mambo yako, muhula ujao jilipie. Silaha hii inafanya kazi, lakini kazi inayofanya siyo tunayoitaka. Kijana wa miaka 20 akiambiwa hivyo huhesabu haraka. Kuacha marafiki na imani yake ni vigumu, kudanganya ni rahisi, basi anadanganya. Anafungua akaunti nyingine mitandaoni ambayo ndugu hawaijui. Anahama hosteli ya Kikoni kwenda chumba cha kupanga bila kusema. Ukimpigia Jumapili usiku na kumuuliza yuko wapi, anajibu yuko kitandani, huku nyuma yake unasikia boda boda zikipiga honi. Mzazi huyo bado analipa ada kamili, na hana tena mtoto anayemjua.

Tena mtoto huyu anakasirishwa na pesa zile zile zinazomnyima mzazi usingizi. Hasira ya Julai 2024 ilihusu fedha za umma na anasa za wabunge. Ile ya Oktoba 2019 pale Makerere ilihusu ada, iliyokuwa imepandishwa kwa asilimia 15, na wanajeshi waliingia hadi bweni la Lumumba na kupiga wanafunzi. Mama anayelalamika sokoni kuhusu kodi na binti anayebeba bango wanasema jambo moja. Wangelizungumza wakiwa meza moja wangeshangaa. Hawalizungumzi kwa sababu mmoja ameshaonywa kwamba mada hiyo inagharimu muhula.

Nataka nikae kidogo kwenye nyumba ambazo magazeti yetu hayazigusi, nyumba za kambini. Sisi tunaozungumza Kiswahili Uganda tunazijua, maana huko ndiko lugha hii imelelewa, askari wa Karamoja, wa West Nile, wa Teso na wa Ankole wakihitaji namna ya kusemezana. Kwenye kambi nyingi za polisi familia bado zinaishi kwenye unipoti, vile vibanda vya bati ambavyo pazia ndilo hutenga kitanda cha wazazi na cha watoto. Jua likiwaka ni tanuri. Baba ni konstebo, mama anauza makaa na nyanya karibu na geti, na kwa jasho lao hao wawili wamemfikisha mtoto chuo kikuu. Siku ya vurugu baba yuko juu ya lori la FFU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, na mwanawe yuko chini, upande wa pili wa moshi.

Familia moja ya namna hiyo naijua kwa karibu. Katika msimu mmoja wa maandamano, baba alirudi usiku, akavua buti mlangoni, na mkewe akamwambia shati alitundike nje kwa sababu gesi ya machozi ilikuwa imeganda kwenye kitambaa na mtoto mdogo ameanza kukohoa. Siku chache baadaye mkubwa alifika kutoka Kampala, macho mekundu, akasema ni vumbi la basi. Mama akachukua begi lake ili afue. Alipoingiza tu fulana kwenye beseni akaijua ile harufu. Hakusema kitu. Alizifua nguo za baba na za mwana, kila moja kwenye beseni lake, akazianika kamba moja.

Ni huyo huyo mama aliyevunja ukimya, wiki hiyo hiyo, baada ya chakula. Aliwaambia wote wawili kwamba amechoka kujua peke yake. Baba alifoka kwanza, kama ilivyotarajiwa. Ana kazi ya kulinda, na anaogopa siku picha ya mwanawe akiwa na vazi la chama cha upinzani itakapofika mezani kwa mkubwa wake, aulizwe maswali, au ahamishiwe mbali na familia. Kisha kijana akamuuliza swali ambalo naamini limelala katika nyumba nyingi za kambini: ukiamriwa, utanipiga? Mama alinisimulia kwamba mumewe alikaa kimya muda mrefu kabla ya kujibu. Jibu lake lilikuwa fupi. "Kwenye moshi sitakujua."

Baada ya hapo yule baba alifanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo malezi. Hakutoa ruhusa, na hakubadili msimamo wake kuhusu maandamano. Alimweleza mwanawe kazi ilivyo kutoka ndani. Kwamba wale askari huwa wamesimama tangu alfajiri bila kula, na mtu mwenye njaa na hofu hapigi hesabu. Kwamba ukiona ngao zinarudi nyuma na bunduki zinakuja mbele, muda wa kubishana umekwisha, ondoka. Usikimbilie kichochoro usichokijua mwisho wake. Ukishikwa usivute mkono, taja jina lako kamili kwa sauti ili walio karibu walisikie. Na mwisho akamwambia: mimi ndiye wa kwanza utakayenipigia, hata kama nitakuwa kazini, hata kama nitakuwa nimekukasirikia. Yule kijana anamaliza mwaka wa tatu sasa. Sijui kama aliacha kwenda. Najua kwamba baba yake anajua.

Wengine watasema ninawachochea watoto. Nalijibu hilo moja kwa moja. Mzazi ana haki ya kusema hapana, na ana haki ya kusema naogopa. Hayo mawili yana nguvu tofauti. Ukisema hapana bila sababu, kwa mtu mwenye miaka 21 anayepiga kura na ambaye kisheria ni mtu mzima tangu alipofikisha 18, unamwalika apime ubavu na wewe. Ukimwambia unaogopa, na ukamweleza unachokiogopa na nani katika ukoo wenu alikipata, umempa jambo la kulibeba. Vijana wetu wengi hawajawahi kusimuliwa habari za babu aliyepotea. Tuliwaficha ili wasiogope, kisha tunawashangaa kwa nini hawaogopi.

Tena methali ile ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu tunaitumia vibaya. Mkuu lazima awe amesema la kusikika. Wazee wanaosema siasa si ya wanafunzi wanajua kwamba Yoweri Museveni aliianza siasa yake akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kati ya 1967 na 1970, akiongoza kundi la wanafunzi wanamapinduzi, akafika hadi maeneo ya wapiganaji wa FRELIMO huko Msumbiji. Kizza Besigye, mpinzani wake wa miaka mingi, alipita Makerere akisomea udaktari, na Bobi Wine alipita Makerere pia. Watoto wanayajua haya yote. Tukiwaambia chuo si mahali pa siasa, wanatuona ama hatuijui historia ya nchi yetu, ama tunawafanya wajinga, na katika hali zote mbili wanaacha kutusikiliza hata tunapokuwa na la maana.

Na tunalo la maana. Mzazi aliyeishi amewaona wanasiasa wengi wakija na kuondoka, na anaweza kumsaidia mwanawe kutambua nani anamtumia. Siasa za gildi, yaani serikali ya wanafunzi, katika vyuo vyetu zina mikono ya vyama vikubwa, fulana na mabasi hulipiwa na mtu, na mtu huyo hayumo kwenye foleni ya kupigwa. Julai 2022 mwanafunzi aliuawa kwa kuchomwa kisu katika ghasia za kampeni za gildi ya Makerere, na uchaguzi ukasitishwa. Mtoto aliyezoea kuzungumza siasa nyumbani, akapingwa, akaulizwa pesa ya basi imetoka wapi, huwa na swali hilo kichwani anapoitwa. Aliyekatazwa mada hiyo nyumbani anajifunzia TikTok na kwa msemaji wa kwanza mwenye kipaza sauti.

Kuhusu mabinti nitasema kwa ufupi, kwa sababu tunajidanganya sana hapa. Bado tuna fikra kwamba fujo ni za wavulana. Maandamano yale ya Oktoba 2019 ya kupinga ada yalianzishwa na wasichana. Binti akikamatwa huongezewa adhabu ya pili nyumbani, ya aibu, maneno ya nani atamuoa na alilala wapi usiku ule. Kwa sababu hiyo binti huficha zaidi kuliko kaka yake, na akiumizwa au akishikwashikwa akiwa mikononi mwa watu hasemi kwa mtu. Mama, mwambie kabla jambo halijatokea kwamba hutamuuliza hayo.

Sasa mambo ambayo kila nyumba yenye mtoto chuoni inapaswa kuyajua, iwe mtoto anaandamana au hataki hata kusikia. Ibara ya 23 ya Katiba ya 1995 inasema mtu aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na aelezwe haki yake ya kuwa na wakili. Jamaa yake wa karibu aarifiwe mapema iwezekanavyo akiomba hivyo, wakili na daktari wake waruhusiwe kumfikia, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 48. Najua mnachofikiri mnaposoma hivyo. Najua saa 48 huwa siku tano, na kwa wale waliochukuliwa na droni zilikuwa wiki na miezi. Lakini anayeijua saa ya kuanza kuhesabu anaweza kumtuma wakili Mahakama Kuu kuomba amri ya kumleta mtu mbele ya jaji, na haki hiyo ibara ya 44 inasema haiwezi kuondolewa kwa hali yoyote. Kuhesabu hakuwezekani kama hujui alikamatwa lini. Tunarudi pale pale: nani aliambiwa, na saa ngapi?

Bondi ya polisi, yaani dhamana ya kutoka kituoni, hailipiwi. Hilo limeandikwa hata kwenye kuta za vituo, na bado wazazi hutozwa pembeni. Jamaa yangu alikaa siku nzima kwenye benchi la kituo kimoja, chakula kikipoa kwenye kopo alilolifunga kitenge, akaambiwa mtoto hayupo, halafu akaambiwa labda yupo, halafu akaambiwa atoe cha mafuta ya gari. Alichokifanya vizuri ni kuja na mtu mmoja mtulivu, mwalimu mstaafu mwenye daftari, aliyeandika jina na cheo cha kila askari waliyezungumza naye na saa waliyozungumza. Jioni mtoto akapatikana kwenye orodha. Ukienda na wajomba kumi wenye hasira utaongeza idadi ya waliomo ndani. Nenda na daftari. Kesi ikipelekwa kwa hakimu na mtoto akawekwa rumande kwa kosa linaloweza kusikilizwa na mahakama ya chini, ana haki ya kuachiwa kwa dhamana siku 60 zikipita bila kesi kuanza. Kwa makosa ya Mahakama Kuu pekee ni siku 180 zikipita kabla ya kesi kupelekwa huko. Andika tarehe hizo ukutani.

Kagueni pia begi kwa pamoja, kwa mazungumzo na si kwa upekuzi. Tangu Septemba 2019 kofia nyekundu ya bereti, ile ya wafuasi wa Bobi Wine, imeorodheshwa na jeshi kama vazi lake, na raia anayepatikana nayo anaweza kushtakiwa. Wapo waliopelekwa mahakama ya kijeshi. Januari 2025 Mahakama ya Juu ilisema raia wasishtakiwe huko, na kufikia Juni mwaka huo huo sheria mpya ilikuwa imewarudisha. Mtoto aliyenunua kofia hiyo Wandegeya kwa ajili ya picha anapaswa kuyajua haya kabla ya kupanda basi la kurudi nyumbani. Simu nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 2024 kijana wa miaka 24 alihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa video za TikTok zilizomtukana Rais na familia yake. Sisemi mtoto asiseme analoliamini. Nasema ajue bei kabla ya kusema, na aijue kwako.

Jambo moja dogo limenifundisha zaidi ya sheria zote hizi. Muulize mwanao leo namba yako ya simu, bila kuitazama. Wengi hawaijui. Imeandikwa "Mama" kwenye simu, na simu ndicho kitu cha kwanza kuchukuliwa mtu anapokamatwa. Anasimama kaunta, askari mwenye huruma anamwambia piga kwenu, na hana cha kubonyeza. Nimewahi kusikia hili kutoka kwa vijana watatu tofauti. Watoto waliokariri Katiba kwa ajili ya mtihani hawana kichwani tarakimu kumi za mama yao. Wafundisheni, na msibadilishe laini kila kampuni inapotangaza bando mpya.

Intaneti nayo hukatika wakati ule ule inapohitajika. Ilizimwa jioni ya 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi, na ikazimwa tena jioni ya 13 Januari 2026, siku mbili kabla ya kura. Familia zilizotegemea WhatsApp peke yake zilikaa gizani. Sisi wa mpakani wengine tulipanda kilimani kutafuta mtandao wa Kenya. SMS na simu za kawaida zilibaki, basi familia ziwekeane ahadi ya ujumbe mfupi kila jioni, neno moja tu, na ziwe na namba ya anayekaa chumba kimoja na mtoto, ya mlinzi wa hosteli, na ya ndugu mmoja wa Kampala anayeweza kufika kituoni kwa miguu. Mtu huyo wa Kampala achaguliwe kwa utulivu wake, hata kama si mkubwa wa ukoo.

Kuna sehemu ambayo watu wengi hudhani haipo, nayo ni mtoto kurudi. Anatoka akiwa na deni la mitihani aliyokosa, pengine analazimika kuomba ule mwaka unaoitwa wa kufa, ambapo masomo husimama na ada ya mwaka ujao bado inadaiwa. Halali. Anashtuka gari likisimama ghafla nje. Ukoo unaitana kikao cha kumrudi. Ningeomba kikao hicho kiahirishwe. Mpelekeni kwanza kwa daktari siku hiyo hiyo, ripoti iandikwe na iwe na tarehe, kwa sababu tangu 2012 tuna sheria inayoharamisha mateso na haina kazi bila ushahidi. Kisha mwacheni ale na alale kwa mama yake mdogo au kwa bibi, mahali pasipo na maswali. Atakayeulizwa maswali na hakimu, na mkuu wa kitivo, na askari, hahitaji kuulizwa na kila binamu.

Vyuo nao wana deni kwetu ambalo hatujawahi kulidai. Barua ya kujiunga anayoipata mtoto ina namba ya akaunti ya benki, kiasi cha kulipa na tarehe ya mwisho ya kulipa. Haina namba ya ofisi ambayo mzazi wa Moroto au Kasese ataipigia saa sita usiku na mtu akapokea. Wakati jeshi linaingia bwenini, wazazi husikia redioni. Ofisi ya mlezi wa wanafunzi inapaswa kuwa na orodha ya jamaa wa karibu wa kila mwanafunzi, wakili wa zamu siku za misukosuko, na kanuni iliyoandikwa kwamba chuo kitaiambia familia ndani ya saa chache mwanafunzi akichukuliwa ndani ya uzio wake. Tunalipa kila muhula. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo wazazi tunaitwa kwa wingi kusikiliza taratibu za malipo, na ukumbi hujaa. Hapo ndipo pa kusimama na kuiomba namba hiyo, kwa kipaza sauti, mbele ya makamu mkuu wa chuo, watoto wetu wakituona.